Kigogota wa Tatu

"Kigogota wa tatu, mtazame mdomo." Mmeyasikia maneno hayo barazani asubuhi hii, mkaona watu wazima wanatikisa vichwa na kesi inakwisha, nanyi mmenifuata hadi hapa kuniuliza ndege anahusiana vipi na kesi za watu. Vizuri. Afadhali ninyi mnaouliza kuliko wale wanaotikisa kichwa bila kujua wamekubali nini. Kaeni. Na wewe unayecheka hapo pembeni, kaa pia, ingawa najua umekuja kwa ajili ya asali ninayoichuja na si kwa ajili ya methali.

Msemo huo una mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu, kama nilivyoupokea kwa mama yangu. Mama hakuwa mtu wa kutia chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa adimu wakati ule.

Kabla barabara haijafika huku, aliishi mrina asali mmoja aliyeitwa Igunda. Kwa kazi, hapakuwa na wa kumtia dosari. Mizinga yake ya magome ilitundikwa mahali pazuri, juu ya miti mirefu iliyo karibu na maji, na asali yake haikuwa na takataka. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mganga hana dawa yake: hakumwamini mtu. Akikuta unyayo njiani, aliupima kwa unyayo wake. Ukimsalimu kwa furaha, alijiuliza unataka nini. Ukimsalimu kwa baridi, alijiuliza unaficha nini. Wapo watu wa namna hiyo hata leo, na mmoja wao ni mimi, kwa hiyo msidhani namsema vibaya.

Mke wake wa kwanza alifariki akamwachia mtoto wa kiume, jina lake Mhoja. Kijana alipopata nguvu za kupanda miti, akawa anafuatana na baba yake msituni. Basi mwaka mmoja wakakuta mzinga umepasuliwa, masega yote hayapo. Majirani walisema ni nyegere, maana nyegere mnamjua, mnyama mfupi mwenye hasira ndefu. Igunda alikataa. Alisema nyegere hawezi kuuchagua mzinga uliojaa na kuiacha mitupu. Aliyeujua mzinga ule ni yule anayekula naye sahani moja.

"Ondoka," alimwambia mwanawe mbele za watu. "Ukikanyaga tena uwanja wangu, nitakuvunja miguu."

Mhoja hakujitetea. Alichukua mkeka wake akaenda ng'ambo ya kijito, kwa wajomba zake, na huko akajifunza kutengeneza mizinga. Miaka ikapita. Baba na mwana wakawa wanakunywa maji ya kijito kimoja bila kuonana.

Igunda akaoa tena. Mke huyu aliitwa Kalunde, mwanamke wa maneno machache na msimamo mwingi. Akamzalia mtoto wa kike. Mtoto alikuwa bado mchanga mvua za kwanza zilipokaribia, na Igunda akajiandaa kwenda kambini na wenzake, kama ilivyo kazi ya warina asali. Kalunde alikuwa na kidonda mguuni, amejikata na jembe, lakini kilikuwa kidogo na hakuna aliyekijali.

Sasa sikilizeni desturi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Warina asali wa wakati ule walikuwa na mwiko mzito. Mume akiwa kambini, mwanamume mwingine asiingie uani kwake. Walisema nyuki hunusa. Mke akiteleza nyumbani, nyuki huko msituni humgeukia mume, humuuma bila huruma, au huhama na kumwachia masega makavu. Kwa hiyo mrina asali akiumwa sana, wenzake hawakumwuliza amewasha moshi wa majani gani. Walimtazama yeye, kisha wakatazamana.

Igunda alifika kambini, akapanda kwenye mzinga wake wa kwanza. Mtupu. Wa pili, mtupu. Kwenye wa tatu nyuki walikuwamo, na walimpokea kwa namna ambayo alishuka kwenye mti haraka kuliko mti wenyewe ulivyopenda. Uso ulimvimba, macho yakabaki nyufa.

Nawaambia mapema jambo ambalo hakuna aliyelitazama siku ile. Kwa kuogopa wezi, Igunda alikuwa ameiziba midomo ya mizinga yake kwa udongo na vijiti, akaacha vitundu vidogo mno. Aliona kwamba mwizi asiyeweza kuchungulia hatajua kilichomo. Jua likapiga, humo ndani kukawa tanuri, na nyuki wenye akili wakatafuta nyumba nyingine. Waliobaki walikuwa na hasira, nami siwalaumu.

Lakini kambini hakuna aliyetazama udongo. Jioni, mkuu wa kambi, mzee aliyeitwa Ntabo, alimwita pembeni.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi sisemi kitu. Ila nenda ukaitazame nyumba yako. Mpaka ijulikane, usiguse mzinga wa mtu yeyote hapa."

Mtu anayesema "mimi sisemi kitu" amekwisha kusema kila kitu. Igunda alirudi njia nzima akiwaza. Alikumbuka kwamba Kalunde hakulia alipokuwa anaondoka. Kisha akakumbuka kwamba alimwambia "nenda salama" mara mbili, na mara mbili ni nyingi. Alipoona paa la nyumba yake kwa mbali, hakwenda kubisha hodi. Alizunguka kwa nyuma ya shamba na kupanda dunguni.

Dungu mnalijua, kile kichanja cha kulindia nyani na ndege wakati wa mavuno. La Igunda lilikuwa limebaki tangu msimu uliopita, nyasi zake zimelegea lakini miguu bado imara. Kutoka hapo aliuona uwanja wake, mlango wa nyumba na mgongo wa jiko. Mlango wa jiko hakuuona, kwa sababu ulielekea kijitoni. Akajilaza humo kama mgonjwa, akitafuna mihogo mibichi, akiilinda nyumba yake mwenyewe dhidi ya mkewe mwenyewe.

Kutazama mlango mchana kutwa ni kazi ya kuchosha. Mke anatoka, anachechemea, anaanika nguo za mtoto, anaingia. Karibu na dungu palikuwa na mti mkavu, na kwenye mti huo palikuwa na tundu la vigogota, ndege wale wanaotoboa miti kwa mdomo. Igunda akawa anaugawa muda wake kati ya mlango na tundu.

Aliwaona wawili, dume mwenye wekundu kichwani na jike asiye nao. Walikuwa na utaratibu wao. Mmoja akiwa ndani, mwingine huja, hushika gome karibu na tundu, hugonga polepole, na wa ndani hutoka ampishe. Hawakugombana, wala hawakuachana kwa muda mrefu. Igunda, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alijikuta anawasifu. Alisema moyoni kwamba hawa angalau wanajuana.

Ndipo akaja wa tatu.

Alikuja asubuhi ya siku ya pili, wakati wale wawili wameondoka. Igunda alikuwa ameugeukia mlango, na alipogeuka tena aliona mkia tu unamalizikia tunduni. Baada ya kitambo kidogo ndege yule akatoka upesi, amebana kitu cheupe mdomoni, akaruka kuelekea msituni.

"Yai!" alinong'ona Igunda. "Ameiba yai!"

Moyo wake ulimdunda, kana kwamba yai lile limetoka kwenye kiota chake mwenyewe. Na asubuhi hiyo hiyo, kabla hajatulia, alimwona mtu anatokeza kutoka nyuma ya jiko lake. Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya manyunyu, amebeba kapu. Alitazama huku na huku, akashika njia ya kijitoni na kupotea. Mlangoni, Kalunde alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Alikuwa anatabasamu.

Igunda hakumfuata yule mtu. Alisema baadaye kwamba miguu yake ilikataa. Mama yangu alisema ni afadhali ilikataa, kwa maana shoka lilikuwa kiunoni. Alishuka dunguni akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, Milembe.

Shangazi Milembe alikuwa dada wa baba yake, na katika ukoo ule hakuna ndoa iliyofungwa wala kuvunjwa bila yeye kujua. Aliita wazee wawili, akamwita na Kalunde, wakaketi ndani ya nyumba yake, mlango umeegeshwa. Igunda akaeleza yote, tangu mizinga mitupu hadi mtu wa kapu. Alidai mke arudishwe kwao siku hiyo hiyo, na mtoto, akishaacha ziwa, aletwe kwa baba yake.

Kalunde alijua maana ya maneno hayo. Mke wa mrina asali aliyerudishwa kwa ajili ya nyuki haolewi tena na mtu wa msituni, na mtoto hukua akiambiwa mama yake alifukuza nyuki. Alimkumbatia mtoto wake kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

"Je, ni kweli kuna mwanamume aliyeingia uani kwako?" aliuliza Shangazi.

"Aliingia jikoni, shangazi. Nyumbani hakuingia."

Wazee wakaguna. Igunda akapiga paja lake. "Mmemsikia! Amekubali mwenyewe!"

"Ni nani?" aliuliza mzee mmoja.

"Nikimtaja leo," alijibu Kalunde, "hamtasikia tena neno langu lolote. Mtasikia jina tu."

"Kwa sababu ni jina la aibu!" alisema Igunda. "Shangazi, hata ndege wamenifundisha. Nimemwona kigogota wa tatu kwa macho yangu. Aliwangoja wenye nyumba waondoke, akaingia, akatoka na yai mdomoni. Anayeingia mwenye nyumba akiwa hayupo ni mwizi. Ndege au mtu, ni yale yale."

Shangazi Milembe alimkazia macho. Alikuwa mwanamke ambaye akikutazama hivyo, unajiweka sawa pale ulipokaa.

"Hilo tundu," alisema, "ndani yake unasikia sauti?"

"Ndiyo. Makinda wanalia mchana kutwa, wamenichosha."

"Makinda wanalia. Basi hilo yai limetoka wapi?"

Mzee mmoja alikohoa, na hakikuwa kikohozi.

"Labda... labda moja halikuanguliwa," alisema Igunda.

"Labda. Na alipoingia, mdomoni alikuwa na nini?"

"Sikuona. Nilikuwa natazama mlango wangu."

"Na huyu mtu wa kapu, alipoingia alikuwa na nini?"

"Sikumwona akiingia, shangazi! Mlango wa jiko uko upande wa kijito."

"Kwa hiyo umemwona ndege mgongo na mtu mgongo, na kwa migongo miwili unataka nivunje nyumba." Shangazi alimgeukia Kalunde. "Mwanangu, huyo mtu atakuja tena?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kalunde angeweza kusema haji tena, na mambo yangebaki ya fununu, na fununu humwua mtu polepole. Alimtazama mumewe usoni, uso ule uliovimba kwa nyuki.

"Kesho alfajiri ikishapambazuka atakuja," alisema. "Njooni mtazame. Lakini shoka la baba wa mtoto libaki hapa kwako, shangazi."

Shoka likabaki. Shangazi akawaapisha wote kwamba neno lile halitoki nje ya mlango, na wazee wale wakaapa, ingawa mmoja wao alikuwa na mke ambaye kumficha jambo ni sawa na kuficha kikohozi.

Asubuhi yake ilikuwa ya ukungu mwepesi. Shangazi Milembe alikataa kupanda dunguni. Alichagua kichaka cha upande wa kijito, mahali ambapo mtu anaona mlango wa jiko na, akigeuza shingo kidogo, anaona mti mkavu. Wakaketi wanne, wazee wawili wakilalamika kuhusu unyevu, Igunda akiukodolea macho mlango wa jiko. Shoka alikuwa ameliacha kweli. Lakini mtu asiyeamini hatembei mikono mitupu: chini ya shuka yake alikuwa na rungu.

Vigogota waliamka kabla ya watu. Dume alichungulia tunduni, akatoka. Jike akaja na chakula, akalisha, akaondoka. Mti ukabaki peke yake, na ndani makinda wakaendelea kudai.

"Sasa," alinong'ona Igunda. "Sasa atakuja. Mtaona."

Akaja. Alishika gome chini ya tundu, akapanda kwa kuruka ruka.

"Huyo! Huyo!"

"Nyamaza," alisema Shangazi. "Mtazame mdomo."

Wakamtazama. Mdomo ulikuwa umejaa wadudu weupe, wengine wananing'inia pembeni. Ndege yule alikuwa na rangi iliyofifia kuliko ya wenzake na wekundu wake ulikuwa haujakomaa kichwani. Alichomeka kichwa tunduni, na kelele za makinda zikapanda, kisha zikazimika kama kelele za watoto wakishatiwa uji vinywani. Akaingia ndani kabisa. Wakati huo dume akarudi na chakula chake. Igunda alijiinua kidogo, akingoja vita. Dume hakupigana. Alishika gome pembeni, akangoja zamu yake kimya.

"Huyo ni mtoto wao wa mwaka jana," alisema yule mzee wa kikohozi, ambaye alichunga mbuzi katika misitu hiyo hiyo utotoni. "Wengine hawaendi mbali. Hubaki wakawalisha wadogo zao."

"Na yai?" aliuliza Igunda. "Subirini yai."

Kigogota wa tatu alitoka, na kweli alikuwa na kitu cheupe mdomoni. Aliruka juu ya vichwa vyao na kukiachia. Kikaanguka kwenye nyasi, hatua chache tu kutoka walipokaa. Shangazi Milembe alisota hadi pale, akakichukua kwa jani na kukileta chini ya pua ya Igunda. Kilikuwa kinyesi cha makinda, kimefungwa katika kijifuko cheupe.

"Yai lako hili hapa, mwanangu. Nusa."

Wazee walicheka mpaka wakashikana mabega. "Ameingia na chakula, ametoka na uchafu," alisema mmoja. "Mimi nina miaka mingi, lakini mwizi wa kufagia nyumba sijamwona."

Igunda hakucheka. Shaka ikishajenga kwa mtu haihami kwa siku moja. "Huyo ni ndege," alisema. "Mtu ni mtu."

Na mtu akaja.

Alikuja kwa njia ya kijitoni, gunia kichwani, mabega mapana, akikanyaga polepole. Vicheko vikakatika. Igunda aliinuka, na rungu likatoka chini ya shuka. Alikuwa ameshavuka kichaka kwa mguu mmoja Shangazi Milembe alipoinyakua shuka yake na kuivuta kwa nguvu zote za mwanamke mzee.

"Mtazame mdomo!" alimwambia kwa sauti ya chini iliyokaza. "Igunda, mtazame mdomo kwanza!"

Basi akatazama. Begani mtu yule alikuwa na mzigo wa kuni kavu, zimekatwa fupi fupi kwa kipimo cha jiko. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maji na lile kapu likiwa tupu, na kiunoni majani ya dawa ya kidonda yaliyofungwa kwa kamba. Akatua mzigo jikoni. Kalunde alikuja akichechemea, na sasa waliona wote kwamba mguu umevimba hadi kwenye goti. Wanawake wa jirani walikuwa mashambani tangu mvua ilipoanza kunukia, na wanaume hawakuthubutu kuukanyaga uwanja ule kwa sababu ya mwiko. Mtu yule aliyasaga majani, akamkabidhi Kalunde ajifunge mwenyewe, akasimama mbali wakati anajifunga. Kisha akazoa majivu ya jikoni na takataka zote, akavitia kapuni, akatoka. Alitazama huku na huku, kama jana.

Safari hii alipotazama alikuta watu wanne wamesimama mbele yake, mmoja ana rungu.

Gunia lilimteleza kichwani. Igunda akaona paji la uso la marehemu mke wake, na chini yake ndevu ambazo hakuwa amezishuhudia zikiota.

"Mhoja," alisema.

Kijana alipiga goti, kapu la majivu bado mikononi. "Mwangaluka, baba," akamwamkia.

Hata vigogota waligeuka kutazama, alisema mama, lakini hapo nadhani aliongeza kidogo.

"Kwa nini ulikuja kwa kujificha?" aliuliza Igunda. Sauti ilikuwa kali, ila ukali wake ulikuwa umeanza kupoteza njia.

"Ulisema nikikanyaga uwanja wako utanivunja miguu. Nami miguu naihitaji kazini."

"Na wewe," Igunda alimgeukia mkewe, "kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia mwanao ananiletea kuni ukiwa hupo," alijibu Kalunde, "ungesikia kuni, au ungesikia hupo?"

Igunda alimtazama mwanawe, na mnajua alimwuliza nini? Mtu huyu! Alimwuliza, "Ule mzinga uliopasuliwa. Ulikuwa wewe?"

Shangazi Milembe alishika kichwa. Lakini Mhoja hakukasirika.

"Baba, nikikwambia si mimi, utaniamini?"

Igunda angeweza kudanganya mbele ya wazee, na wote wangeridhika.

"Sijui," alisema.

Mama alikuwa akifika hapo anasema kwamba hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli Igunda alilolitoa kwa miaka mingi, na mimi namwamini, ingawa kama nilivyosema siamini watu haraka. Kijana machozi yalimtoka. Hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa imeshika kapu.

Ndipo Shangazi Milembe akasema. Hakupaza sauti.

"Igunda. Mkeo ana kidonda, binti yako ni mchanga. Huyu uliyemfukuza ameleta kuni, ameleta maji, ameleta dawa, na anaondoka na majivu. Mimi mwenyewe jana nilimpa mkeo unga. Wewe mwenye nyumba umerudi tangu juzi. Umeleta nini?"

Igunda aliitazama mikono yake. Mmoja ulikuwa mtupu. Mwingine ulikuwa na rungu.

Alitazama mikono ile mpaka wazee wakaona haya kwa niaba yake, wakageukia mti mkavu na kujifanya wanatafuta ndege. Mbele ya mlango wa jiko Kalunde alisimama na mtoto mgongoni. "Kwetu naijua njia," alisema. "Nikienda, nitakwenda kwa kupenda. Nikibaki, sibaki na mtu anayenilinda kama nyani wa shamba. Sema wewe."

Igunda aliliacha rungu likaanguka kwenye majani. Akamwendea mwanawe, akainama na kulichukua lile kapu kutoka mikononi mwake, akalibeba begani, majivu yakimmwagikia shingoni, akaenda kuyamwaga jalalani mwenyewe. Aliporudi, alipitia kijitoni na kujaza kapu hilo hilo magimbi mwitu, akaingia nayo jikoni kwake. Kalunde alisogea kidogo kumpisha mlangoni, kisha akamwashia moto.

Igunda hakupona kabisa. Aliendelea kupima nyayo njiani hadi uzee. Lakini Mhoja alihamia tena nyumbani, akaifungua midomo ya mizinga, na nyuki wakarudi. Na tangu wakati huo, mtu akija mbio kwa wazee wetu, anahema, akasema amemwona fulani anatoka mlango wa fulani, hawamwulizi ni saa ngapi wala alijifunika nini. Humwuliza aliingia amebeba nini, akatoka amebeba nini. Asipojua, humrudisha akatazame upya, nao humwambia: kigogota wa tatu, mtazame mdomo.